Lenzi nzuri au filamu nzuri? Kamera mbili, Jumamosi moja, Nairobi

Mpwa wangu alinijia na Pentax K1000 shingoni, ile ya marehemu babu yake, yaani baba yangu, na swali alilokuwa amelitafuna wiki nzima. "Mjomba, akiba yangu inatosha kitu kimoja tu. Nitafute lenzi ya maana, ama ninunue roli tano za filamu ya Portra 400?"

Jibu ninalo tangu zamani. Lakini kijana humeza neno la mjomba kama dawa chungu: mbele yako anaitikia, ukigeuka anaitema. Tukapatana tufanye jaribio. Jumamosi tutembee njia moja na kamera mbili, bila stendi, bila flashi, kila kitu mkononi. Yeye abaki na zoom yake ya 35-80mm, ambayo tundu lake kubwa kabisa (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) ni f/4 ukiwa kwenye 35 na f/5.6 ukifika 80, ila ndani aweke Portra 400 niliyomnunulia. Mimi nibebe Pentax MX yangu na lenzi moja tu, 35mm f/2, ndani Kodak Gold 200. Upande mmoja lenzi ya kawaida na filamu ya bei, upande wa pili lenzi nzuri na filamu ya kawaida.

Roli zote mbili zingesafishwa mahali pamoja, siku moja. Dawa ni ileile, C-41, utaratibu ambao Kodak iliuleta mwaka 1972 na ambao mpaka leo unataka joto la karibu nyuzi 38 na dakika tatu na robo kwenye dawa ya kwanza, filamu iwe ghali au rahisi. Kwa hiyo hakukuwa na maabara ya kusingiziwa.

Hesabu kabla ya kutoka nyumbani

Ukipiga picha kamera ikiwa mkononi, mwanga unaupata kwa njia tatu: tundu la lenzi, wepesi wa filamu (ile 200 au 400 ya kwenye boksi), na muda ambao shata inakaa wazi. Huo muda ndio mkono wako unauharibu. Ukiwa na stendi unaweza kusubiri nusu sekunde, mkononi huwezi. Kanuni ya wazee ni kwamba spidi isishuke chini ya namba ya lenzi: 35mm isishuke chini ya 1/30 ya sekunde, 50mm isishuke chini ya 1/60, na ukivuta zoom mpaka 80 unataka 1/125 hivi.

Sasa tazama. Filamu ya 400 inahitaji nusu ya mwanga ambao filamu ya 200 inahitaji; hiyo ni stopu moja. Lakini f/2 hupitisha mwanga mara nane ya f/5.6, na hizo ni stopu tatu. Ina maana mimi na filamu yangu ya polepole nilikuwa bado mbele ya mpwa wangu kwa stopu mbili nzima. Na lenzi unainunua mara moja, ilhali filamu unainunua kila baada ya picha 36.

Nilimwonyesha hesabu hii kwenye karatasi tukinywa chai. Akasema, "Karatasi haina rangi, mjomba." Sawa. Tukatoka.

Gikomba, ndani ya kichochoro

Tulifika soko la Gikomba saa tatu asubuhi. Nje, penye jua la wazi, hapakuwa na ushindani wowote. Gold 200 juani inaridhika na f/16 na spidi ya karibu 1/250. Portra 400 inaridhika na f/16 na 1/500. Kwa tundu dogo namna hiyo kila lenzi ni nzuri, hata ile zoom ambayo plastiki yake ilikuwa inalia kila ukiizungusha. Ningempa mtu picha zetu za pale nje bila majina asingejua ipi ni ya nani, isipokuwa manjano kidogo ya Gold.

Mambo yalibadilika tulipoingia ndani kwenye viatu vya mitumba, ambako juu ni mabati na turubai na mwanga unaingia kwa mianya. Mpwa wangu aliona kijana anapiga brashi kiatu cheusi, akavuta zoom mpaka 80 asimsumbue, akaangalia sindano ya kipima mwanga: f/5.6, 1/30. Namba ya lenzi 80, spidi 30. Mimi nilikuwa f/2, 1/125, na lenzi ya 35. Nilikuwa na akiba ya kutosha hata kumsubiri kijana ainue brashi.

Picha zilipotoka, alikuwa amepiga nane pale ndani. Sita zimetikisika. Kwenye ile ya kiatu, kamba zimekuwa mbilimbili kama unaziangalia baada ya kusugua macho. Kwenye yangu unahesabu matundu ya kamba, na kwenye ncha ya brashi kuna manyoya machache yaliyoyeyuka kwa sababu mkono ulikuwa unakwenda kasi. Kanuni ya wazee inahusu mkono wako wewe peke yake. Haimhusu anayepiga brashi, wala hamali anayesukuma mkokoteni akipiga mluzi upishe. Kwa watu wanaotembea nataka 1/250, na huko ndani ya kichochoro hata mimi sikuwa nayo.

Niseme haki: zoom ile ile, angeirudisha 35 na kumsogelea kijana, ingempa f/4 na 1/60, na picha ingesimama. Ubaya wa zoom za bei nafuu ni kwamba zinakuita mbele na kukunyang'anya mwanga kwa wakati mmoja. Kadiri unavyovuta, tundu linapungua na mtikisiko unakua.

Picha mbili zilizobaki za pale ndani hazikutikisika, kwa sababu alikuwa ameshtuka akapandisha spidi mpaka 1/125 bila kujali sindano inasema nini. Hizo zilitoka kali lakini zimekufa: vivuli vya kijivu chenye tope, chembe za filamu zimejaa, kijani kimeingia kwenye weusi. Hiyo ilikuwa Portra 400, filamu inayosifiwa dunia nzima, na imetoka kama kitu kilichokaa kabatini miaka ishirini. Filamu ya rangi ya negativu husamehe mwanga ukizidi, ukipungua haisamehi. Ukiinyima chakula, jina lililo kwenye boksi halikusaidii.

Kuna jambo moja ambalo lilitushinda sote wawili. Mama mmoja anayeuza blauzi alikaa chini ya turubai la buluu. Mwanga wote uliomfikia ulikuwa umepita kwenye turubai lile, na kwenye picha zetu zote mashavu yake yamekuwa kama ya mtu aliyetoka kwenye friji. Portra ilipunguza kidogo, Gold ikaongeza kidogo, lakini buluu ni buluu. Picha ya pili nilimwomba: "Mama, samahani, sogea hatua moja huku kwenye mwanga."

"Nisogee nipate nini?"

"Upate sura yako."

Akacheka, akasogea, na ndiyo picha bora ya roli yangu. Kwa hiyo kabla hujauliza filamu ipi inatoa ngozi vizuri, inua macho uone kilicho juu ya mtu: turubai, bati la plastiki la kijani, mwavuli wa kampuni ya simu. Hatua moja ya miguu inashinda tofauti yote kati ya filamu mbili.

35, 50, au ndefu zaidi

Watu hubishana 35 na 50 kama mashabiki wa Gor na Ingwe. Mimi nazipima kwa hatua. Ukitaka mtu mzima, kichwa mpaka viatu, kamera ikiwa wima, lenzi ya 35mm inataka usimame mita mbili hivi kutoka kwake. Ya 50mm inataka karibu mita tatu. Ya 135mm inataka mita saba na nusu. Sasa jiulize ni kichochoro gani cha Gikomba au Marikiti chenye mita tatu za bure kati yako na mtu bila mkokoteni kupita katikati. Ndiyo maana sokoni nachukua 35.

Mita mbili ni umbali wa salamu. Ukiwa hapo huwezi kujifanya hupigi picha. Lazima useme habari ya asubuhi, ukubaliwe au ukataliwe. Kijana anayejificha ng'ambo ya barabara na 135mm anaonekana mpelelezi, na mjini hapa watu hawana subira na wapelelezi. Nimefukuzwa mara moja tu katika miaka yangu ya kubeba kamera, na siku hiyo nilikuwa na lenzi ndefu.

Halafu kuna fokasi. Lenzi hizi za zamani unazungusha kwa mkono, na mtu anayetembea hakungoji. Dawa yake ni kuweka fokasi mapema: mita 3, f/8, basi. Kwa 35mm, kila kitu kuanzia karibu mita 1.9 mpaka mita 7 na kidogo kitakuwa kikali. Kwa 50mm utapata kuanzia mita 2.3 mpaka 4.2 hivi. Huo ni upana wa barabara dhidi ya upana wa chumba. Juani Kenyatta Avenue, 35mm na Gold 200 kwa f/8 zinakupa 1/1000, spidi ya mwisho ya K1000, na hapo hujishughulishi tena na chochote ila kuona. Filamu ya 400 mahali pale inakusukuma mpaka f/11, kwa sababu kamera imeishiwa spidi. Saa sita mchana Nairobi filamu ya kasi inakuwa mzigo.

Lakini ukiniambia unataka nyuso za watu, za jamaa zako, za mchumba, 50mm. Ya 35 ukiisogeza karibu na uso inavuta pua mbele, na hakuna shangazi atakayekusamehe hilo. Tena 50mm f/1.8 au f/2 ndiyo lenzi nyepesi kuliko zote kuipata, kwa maana kamera nyingi za zamani ziliuzwa nayo. 28mm naipenda ndani ya matatu, ambako hakuna pa kurudi nyuma. Ila usiegemeze kiwiko kwenye fremu ya dirisha, injini yote itapanda mkononi. 85mm ni ya harusi. Basi.

Jeevanjee, saa sita, na ushindi wa mpwa wangu

Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini ya ikweta, mita karibu 1,800 juu ya bahari. Jua la saa sita linakaa utosini. Macho yanazama kwenye vivuli, paji la uso linang'aa, na shati jeupe linakuwa taa.

Hapo bustani ya Jeevanjee tulimpiga picha mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti benchini, shati jeupe, nusu kivulini nusu juani. Alitukubalia kwa sharti kwamba tusimzuie kusoma. Kwenye picha yangu shati limebaki shati, lakini limeingia manjano, na chini ya ukingo wa kofia uso umekuwa mgumu: unaona umbo, huoni ngozi. Kwenye Portra ya mpwa wangu mikunjo ya shati ipo, maandishi makubwa ya gazeti yapo, na uso una rangi tatu au nne za kahawia zinazopishana taratibu kutoka shavuni mpaka shingoni. Nilinyamaza. Akanitazama. Nikamwambia, "Hapa umenishinda," na nilimaanisha.

Hicho ndicho Portra inachokuuzia: nafasi kubwa kati ya kinachong'aa na kilicho gizani, na ngozi isiyokwenda nyekundu wala kijani. Jina lenyewe lilitoka mwaka 1998, na 400 ya sasa ilirekebishwa mwaka 2010.

Kuna historia hapa ambayo mpiga picha yeyote wa huku anapaswa kuijua. Kwa miaka mingi filamu za rangi na mashine za kuchapisha zilipimwa kwa picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyoitwa Shirley katika maabara. Rangi zikikaa vizuri kwake, zilihesabiwa zimekaa vizuri kwa wote. Watu weusi walitoka meno na macho. Malalamiko yaliyoisukuma Kodak kurekebisha kahawia zake yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao walitaka chokoleti nyeusi itofautiane na ya maziwa, na mbao zitofautiane. Baadaye kampuni ikajisifu kwamba filamu yake ya Gold Max inaweza kunasa farasi mweusi penye mwanga hafifu. Farasi! Baba yangu alikuwa na albamu nzima ya miaka ya sabini ambayo wajomba zangu wote ni kola za mashati, na nilikua nikidhani alikuwa hajui kupiga.

Filamu za leo zimeshaondokana na hayo, lakini kipima mwanga bado kinadanganyika. K1000 inapima picha yote kwa wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya anga jeupe la Julai, sindano inaona anga na kukwambia funga tundu. Ukiitii, uso unaingia topeni. Mimi husogea mpaka uso ujaze kioo, napima hapo, narudi nyuma, napiga. Kama sina nafasi, naidanganya kamera: Gold 200 naiwekea 100, Portra 400 naiwekea 200. Negativu inabeba stopu hiyo ya ziada bila kulalamika. Portra inabeba hata mbili au tatu.

Na hapo ndipo mjadala wa lenzi unaporudi. Stopu hiyo ya ziada lazima itoke mahali. Mimi mwenye f/2 naweza kuitoa. Mwenye f/5.6, chini ya mti tu wa Jeevanjee, tayari anabana spidi. Uzuri wa Portra unaonekana ikishiba, na ile zoom haikuwa na uwezo wa kuishibisha ila nje kwenye jua, ambako, kama nilivyosema, zote zilikuwa sawa kasoro lile shati.

Filamu nyingine, kwa haraka

UltraMax 400 ndiyo ningeanza nayo kama una zoom na huna mpango wa kubadilisha. Chembe zake ni kubwa kuliko za Portra, nyekundu zake zina kelele, lakini stopu moja juu ya Gold ni stopu moja. ColorPlus 200 ni dada wa Gold mwenye rangi za kizamani zaidi.

Ektar 100 iliingia sokoni mwaka 2008, na chembe zake ni laini kiasi cha kutoonekana. Oktoba jakaranda zikimwaga maua barabarani, au ukiwa na vitenge na udongo mwekundu wa barabara ya mtaani, hakuna inayoifikia. Kwa nyuso naikwepa. Inapaka ngozi wekundu na vivuli vyake vinakwenda buluu. Kivulini inataka f/5.6 na 1/100 hivi, kwa hiyo mwenye f/2 anapumua na mwenye zoom anahangaika.

Upande wa Fujifilm, Pro 400H iliyopendwa na wapiga picha wa harusi ilisimamishwa Januari 2021, kwa hiyo ukiiona dukani jua imekaa. Harman Phoenix 200, iliyotoka Desemba 2023, ina rangi za kichaa na haivumilii makosa ya mwanga. Jaribu siku ambayo hujali.

Ukiuziwa filamu ya sinema ya bei rahisi iliyokatwa na kuviringwa na mtu, uliza kama bado ina ule utando mweusi wa nyuma. Kama upo, usiipeleke kwenye maabara ya kawaida ya C-41. Utando unabanduka na kuchafua dawa pamoja na filamu za watu wengine. Na roli zilizokaa kwenye dirisha la duka juani, achana nazo hata kama tarehe haijapita. Nilishanunua tatu mahali fulani mjini, boksi safi kabisa, zikatoka zambarau zote.

Ukisafiri na treni ya Mombasa, toa filamu kwenye mkoba kabla haujapita kwenye mashine ya kukagua, uombe ziangaliwe kwa mkono. Za 800 hasa.

Giza likiingia

Huku hakuna magharibi ndefu. Saa kumi na mbili na nusu jua linazama, na ndani ya dakika ishirini ni usiku. Tulimalizia Tom Mboya Street wakati taa za nganya, zile matatu zilizopambwa, zinaanza kuwaka. Mpwa wangu alikuwa amebakiwa na picha nne na hakuna hata moja iliyofaa: f/5.6 na filamu ya 400 mtaani usiku inataka nusu sekunde, au robo ukisimama chini ya taa ya duka. Mimi kwa f/2 na Gold nilikuwa kwenye 1/15, nikashikilia pumzi, nikaegemea nguzo. Moja kati ya tano ilisimama. Si ya kujivunia.

Usiku ndipo filamu inapostahili pesa yake hata kwangu mimi. Kwa f/2, filamu ya 800 inakupa 1/60 kwenye mtaa wenye maduka yaliyowaka, na hapo unapiga kama binadamu. Portra 800 inaweka ngozi sawa. CineStill 800T ni filamu ya sinema ya Kodak iliyoondolewa ule utando wa nyuma, kwa hiyo mwanga mkali unagonga nyuma na kurudi, na kila taa inavaa duara jekundu. Imepimwa kwa taa za balbu, si kwa jua, ndiyo maana ukiitumia mchana kila kitu kinakuwa buluu. Kwa nganya yenye taa hamsini za rangi ni karamu. Kwa picha ya mama yako jikoni, hapana.

Lakini ukiwa na f/5.6, hata 800 inakuacha kwenye 1/8. Hakuna roli ya rangi unayoweza kununua itakayokutoa hapo ukiwa umesimama na kamera mkononi.

Kama kamera yako si ya babu

Wengi wanaoniuliza hawana K1000. Wana ile kamera ndogo ya nyumbani ya miaka ya tisini, yenye zoom inayotoka kama pua. Lenzi za namna hiyo zikitoka mwisho huwa na tundu dogo mno, kwa hiyo weka 400, usiivute, na uache flashi ifanye kazi yake. Hakuna lenzi ya kubadilisha. Kwako swali ni filamu tu.

Na kama una Canon ya dijitali yenye lenzi ya EF 50mm f/1.8, umeshafika nusu ya safari bila kujua. Kamera zote za filamu za EOS, tangu mwaka 1987, zinavaa lenzi za EF, fokasi ya kujiendesha ikiwemo. Wapiga picha wa harusi wanahamia kamera za dijitali zisizo na kioo ndani (mirrorless) na kuziacha hizo lenzi. Angalia tu isiwe EF-S, ile 18-55 iliyokuja na kamera, hiyo haiingii. Lenzi za FD za Canon za zamani nazo haziingii kwenye EOS, zina mdomo mwingine. Lenzi za EF zenye kizuia mtikisiko hufanya kazi kwenye filamu pia, teknolojia ambayo Canon iliitoa kwanza mwaka 1995 kwenye 75-300mm. Inatuliza mkono wako. Hamali inamwacha vilevile.

Kwa fundi

Jumatatu tuliweka negativu zote mezani, juu ya kioo chenye taa chini. Mpwa wangu alizitazama kimya, akarudi mara mbili kwenye ile ya mzee wa gazeti, mara nne kwenye kamba za kiatu. "Basi lenzi," akasema. "Halafu Portra baadaye, nikipata."

Ndipo nilipokumbuka kwamba K1000 ile haikuja na zoom. Ilikuja na 50mm f/2. Ilikaa Mombasa kwa shangazi miaka mingi, ikaingia fangasi, mtu akaitoa na kuvalisha zoom. Nikaenda kwenye sanduku la baba, nikaipata imefungwa kwenye leso. Ukiielekeza dirishani huoni kitu. Ukiwasha tochi ya simu nyuma yake unaona nyuzinyuzi kama utando wa buibui pembeni mwa kioo cha ndani. Hivyo ndivyo lenzi yoyote ya zamani inavyokaguliwa: tochi, halafu uzungushe pete ya tundu uone kama majani yake yanarudi upesi au yamelowa mafuta.

Tukaipeleka kwa fundi mmoja mjini, ghorofa ya tatu, mtu wa pwani mwenye miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete nione." Akaiweka kwenye taa, akaizungusha polepole. "Hii haijala kioo. Njoo Alhamisi."

Bei aliyotaja ilikuwa chini ya roli mbili za Portra. Mpwa wangu alihesabu zilizobaki pale pale kaunta, akaanza kuuliza kwenye simu ni nani ana Gold ya picha 36. Halafu akaifungua ile zoom kwenye kamera, akaisukuma mbele ya fundi.

"Na hii mzee, unaweza kunitafutia mteja?"

Fundi hakuinua uso. Alinyoosha kidole kwenye rafu iliyokuwa nyuma yake, ambako zoom za namna ile zilikuwa zimepangwa safu mbili, vumbi juu. "Weka mwisho wa mstari."